Arobaini ya Mwanajuma

Mliniomba maneno ya kuwatia moyo. Mratibu wenu alinipigia simu nikiwa hapa nyumbani, mtaa wa Jericho, nimekaa mlangoni na miguu ndani ya beseni la maji moto, akasema, Sista Mueni, waandikie vijana wanaoanza kazi mambo mazuri uliyoyaona. Nilimwambia nitaandika, ila asinipangie hayo mambo yawe na sura gani. Nilikaa miaka kumi na minne kwenye dirisha la kuwanywesha watu methadoni ili waache heroini. Nimestaafu salama, nikapewa saa ya ukutani na keki, na bado nina hasira. Kama mlitaka bibi wa kuwabembeleza, mngempigia mwingine.

Basi anzeni na hili, maana chuoni hamkufundishwa. Dawa hii hunywewa mbele yako, kila siku ya Mungu, kwenye kikombe kidogo, na kazi yako ni kuhakikisha imeshuka. Wapo wanaoificha shavuni wakaiuze nje ya geti. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa nauliza, umemeza? Mtu anatikisa kichwa, mimi namshukuru, anaondoka zake. Siku ya tatu Wambui akanivuta kando. Wambui alikuwa mhamasishaji wetu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kondakta, aliyetumia heroini miaka tisa kabla ya kupona na kuajiriwa kuwafuata wenzake mitaani. Aliniambia, "Sista, hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia. Muulize kitu ambacho hawezi kujibu kwa kichwa."

Nikaanza kuuliza, jana ulikula nini? Swali hilo likanifaa mara mbili. Ilibidi watu wafungue kinywa waseme, na mimi nikajua nani hakula. Wanaume wangu walikuwa wanajibu chapo madondo, ugali matumbo, githeri ya pale kona. Wanawake wengi walijibu chai. Nilisikia hilo neno chai kwa miezi kabla sijajiuliza mbona wao tu.

Wambui pia ndiye aliyenifundisha kutazama viatu. Mwanamke akija na kandambili zisizolingana, usimuulize mbele ya watu amelala wapi. Mpe kiti kwanza. Akija na mwanaume anayemshikia kadi yake, mtume huyo mwanaume akanunue maji, kisha uliza haraka. Wanawake wanne au watano waliniambia ukweli wao ndani ya muda wa mtu kwenda dukani na kurudi.

Sasa nisikilizeni kuhusu nyumba tuliyofanyia kazi, kwa sababu hapo ndipo damu yangu huchemka. Aliyeichora ile kliniki alikuwa na picha ya mgonjwa kichwani, na mgonjwa huyo alikuwa na ndevu. Mlangoni palikuwa na kikapu cha kondomu kilichojaa mpaka pomoni, mwaka mzima, ila pedi hata moja hapakuwa. Choo cha kutolea mkojo wa kupimwa hakikuwa na komeo, na aliyesimama mlangoni kuhakikisha mkojo ni wako alikuwa mwanaume. Foleni ilikuwa moja, ya kusukumana, na mwanamke aliyefika mapema alijikuta nyuma kila alipogeuka. Ukutani palikuwa na kibao kwamba watoto hawaruhusiwi. Kibao chenyewe kilikuwa na sababu, maana tone la dawa ile laweza kumuua mtoto mchanga. Lakini hakuna aliyejiuliza mtoto ataachwa wapi. Wakawa wanaachwa kwa mama wa viazi karai nje ya geti, watatu wanne wamekaa juu ya gunia kando ya mafuta yanayochemka, na sisi ndani tunajisifu kwamba tunalinda watoto.

Nililalamika kuhusu komeo la choo tangu mwaka wangu wa pili. Komeo, jamani. Kitu kinachouzwa sokoni Gikomba kwenye turubai chini. Niliambiwa liandikwe kwenye mahitaji ya robo ijayo. Mwishowe nililinunua mwenyewe na fundi akalipigilia wakati wa chakula cha mchana, nikaitwa ofisini kuelezwa kwamba nimeharibu mali ya kituo.

Haya. Mwanajuma.

Mwanajuma alikuwa msichana wa Majengo, miaka ishirini na sita, mpole, mwenye kucheka huku amefunika mdomo. Alikuwa amekunywa dawa kwetu miezi minane bila kukosa siku hata moja, na niwaambie, hao ni wachache. Alipoanza kutapika asubuhi alidhani dawa imemkataa. Heroini hukausha hedhi, na mwanamke akikaa miaka bila kuona siku zake huamini kizazi kimekufa. Akishaanza matibabu mwili unaamka taratibu, na anaweza kushika mimba kabla hajaona hata tone. Hilo ni jambo la kumwambia mwanamke siku ya kwanza anapokaa mbele yako. Sisi hatukumwambia. Hata kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuliandika, na mimi nilikuwa mtu wa fomu.

Mimba ikakua vizuri. Mama yake, Bi Hadija, ambaye hakuwa amemsemesha kwa miaka mitatu, alisikia habari akaja kumtafuta mwenyewe. Bi Hadija alikuwa mjane, mpishi wa mahamri na mbaazi, mwanamke wa heshima zake mtaani. Alikuwa amewaambia majirani kwamba binti yake anafanya kazi Mombasa. Akamrudisha nyumbani kwa masharti mawili: kwamba ataendelea na hiyo dawa yake kimyakimya, na kwamba akijifungua atakaa ndani arobaini yake kama mzazi yeyote wa heshima.

Kwa ambao hamkukulia karibu na Waislamu wa Majengo, arobaini ndiyo zile siku mzazi anapotunzwa. Hatoki nje. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo, anapikiwa uji wa pilipili manga, majirani wanakuja na sabuni na kanga kumwona mtoto. Mimi ni Mkamba wa kanisa, niliyajua hayo kwa juujuu tu tangu utoto, kwa kuwa mmoja wa rafiki zangu wa shule alikuwa wa huko. Nilidhani ni mapumziko. Sikujua kwamba kwa Mwanajuma ilikuwa ni kurudishiwa jina lake.

Alikunywa dawa asubuhi ya Ijumaa, uchungu ukamshika jioni, Jumamosi alfajiri akajifungua mtoto wa kike. Huko wadi ya wazazi aliitwa teja mbele ya wanawake wengine. Mtoto alikuwa anatetemeka na kulia kilio chembamba, kama watoto wa akina mama wa dawa wanavyofanya siku za kwanza, na dawa yake kubwa ni kunyonyeshwa na kubebwa. Muuguzi wa zamu akamwambia asithubutu kumpa ziwa, atamwekea sumu. Huyo alikuwa muuguzi kama mimi, mwenye kofia kama yangu. Bi Hadija hakubishana naye. Alimfunga mtoto kwenye kanga, akamshika binti yake mkono, wakarudi Majengo na mlango ukafungwa.

Jumatatu, siku ya tatu bila dawa, Bi Hadija alikuja dirishani. Alikuwa na chupa ya asali iliyooshwa ikang'aa, ameificha ndani ya buibui. Alinisalimu vizuri, akanieleza kwamba mzazi yuko ndani, akaniomba nimtilie dawa ya mwanawe humo, hata ya siku mbili tatu, yeye mwenyewe atakuwa anaifuata.

Vijana, kanuni nilikuwa nazijua kuliko sala ya Baba Yetu. Dawa haitoki nje ya dirisha. Akikosa siku tatu, lazima daktari amwone kabla ya kunywa. Akifikisha tano, jina linafutwa kwenye orodha ya geti mpaka ofisi imrudishe. Kanuni hizo hazikuandikwa na mjinga. Mtu aliyekosa siku kadhaa mwili wake hauna tena uwezo wa kubeba dozi aliyoizoea, ukimpa ileile unaweza kumuua. Nilimweleza Bi Hadija yote hayo kwa sauti ya juu, watu wa foleni wakisikia. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Sista, mwanangu hawezi kutoka. Ana siku mbili tangu azae."

Nikamjibu, "Basi achague, arobaini au dawa."

Nimewahi kusema maneno mengi ya kipumbavu maishani. Mume wangu, Mungu amrehemu, angewapa orodha. Lakini hilo ndilo ninaloamka nalo. Bi Hadija alirudisha chupa yake ndani ya buibui, akaniaga kwa adabu iliyonizidi, akaenda. Na mimi nikamwita wa nyuma yake nikamuuliza jana alikula nini.

Alhamisi asubuhi nilifungua orodha ya geti, nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya jina la Mwanajuma. Rula nilitumia. Nilikuwa mtu wa rula.

Wambui alirudi mchana wa siku hiyo kutoka Majengo. Alikuwa amepeleka sabuni kama jirani yeyote, akaruhusiwa kuingia. Alimkuta Mwanajuma kwenye godoro, jasho linamtoka, miguu haitulii, ameshikwa na arosto, yale maumivu ya mwili unaodai dawa, huku mtoto ananyonya. Mama yake alidhani ni tumbo la uzazi, anazidi kumkanda na maji ya moto. Na Mwanajuma ananyamaza, asije akaonekana ameivunja heshima aliyopewa. Alimnong'oneza Wambui kwamba tangu amalize darasa la nane hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu anamwosha nywele.

Wambui alinieleza hayo amesimama, hakutaka kukaa. Nami nikamrudishia kanuni. Nikamwambia hata mimi inaniuma, lakini dawa haiwezi kutoka pale dirishani.

Akaniuliza, "Sista, na Kevo?"

Nikamuuliza Kevo gani.

"Kevo wa Muthurwa. Wa mguu."

Wapendwa, nilimkumbuka. Kevo alikuwa mbeba mizigo, mwaka mmoja nyuma mkokoteni ulimpanda mguu ukavunjika mara mbili, akawekwa plasta mpaka kwenye paja. Dawa ilimfuata nyumbani wiki sita. Nani aliipeleka? Mimi. Tulitoa sanduku dogo la chuma lenye kufuli, daktari akatia sahihi kwenye daftari, nikawa namkuta kitandani kila asubuhi, namnywesha, namuuliza jana alikula nini, ananitania kwamba mimi ndiye mke pekee anayemletea kitu kitandani. Wiki sita, wapendwa. Siku arobaini na mbili. Hakuna aliyesema kanuni imevunjwa, wala mimi sikuona kwamba kuna kanuni. Mwanaume amevunjika mguu, dawa imfuate, nani angebisha? Mwanamke amechanika akizaa, nikamwambia achague. Na sikuwa nimemfanyia ubaya kwa makusudi. Haikunijia kabisa kichwani kwamba ni jambo lilelile, na hilo ndilo linalonitia hasira hadi leo, kuliko kama angekuwa mtu mbaya amekaa pale kwenye kiti changu.

Daktari alikuwa ameshaondoka siku hiyo. Ijumaa alipofika nilikuwa mlangoni kwake na faili mbili. Alikuwa mtu mwema, mpole, mwenye kununulia wagonjwa mkate kwa pesa yake. Akaniambia mguu uliovunjika ni ugonjwa, arobaini ni mila, na hatuwezi kuendesha hospitali kwa mila za kila kabila. Nikamuuliza kama amewahi kuona mwanamke amejifungua, akasema bila shaka. Nikamuuliza, huyo wa siku sita unamwona ni mzima? Akaanza kusema kwamba wanawake wengi huamka siku ya pili wakaenda sokoni. Nilimfungulia faili la Kevo kwenye ukurasa wenye sahihi yake, nikamwekea kidole hapo. Akachukua kalamu. Aliandika dozi ndogo ya kuanzia, kama inavyotakiwa kwa mtu aliyekosa siku nyingi, na ruhusa ya nyumbani ya siku arobaini. Nikafungua stoo, nikatoa sanduku, nikapanda boda kwenda Majengo. Sijawahi kujisikia muuguzi kama asubuhi ile.

Nitawaambia kwanza yaliyokuja baadaye, ili niyamalize.

Wakati mimi niko njiani naenda kwake, Mwanajuma alikuwa njiani anakuja kwetu. Alifika getini na buibui ya mama yake, anajishika ukuta. Askari akatazama orodha, akakuta mstari mwekundu, akamwambia arudi na mtu wa ofisi, au amsubiri Sista Mueni ambaye ametoka. Askari hakukosea chochote, alisoma nilichoandika. Mama wa viazi alimwona amekaa chini kando ya ukuta, maziwa yamelowesha nguo kifuani, karibu saa nzima. Halafu akapita mtu wa maskani yake ya zamani, wakasemezana, akainuka wakaondoka pamoja.

Hakufa. Kila ninaposimulia watu hupumua hapo, na mimi hukasirika upya. Alitumia heroini siku hiyo, na kwa kuwa ametumia aliona hawezi kumshika mtoto, na kwa kuwa hawezi kumshika mtoto hakurudi nyumbani. Wambui alimtafuta Majengo yote na Gikomba yote. Alikuja kurudi dirishani baada ya mwaka na nusu, amekonda, akanipa jina lake kamili kana kwamba simjui. Sasa ni mzima, anauza mitumba ya watoto, anakunywa dawa yake, anacheka tena. Binti yake yuko darasa la pili. Mtoto anamwita Bi Hadija mama, na anamwita Mwanajuma dada. Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo, ni kwamba alipoanza kuongea aliyekuwepo ni bibi. Mwanajuma humsuka kila Jumamosi, na akiitwa dada huitika.

Siku hizi kliniki ile inamfuata mzazi nyumbani, awe Mwislamu au Mkristo au asiye na dini. Ilituchukua barua nyingi mno na bosi mmoja kuhamishwa. Mtakapoanza kazi mtaikuta kanuni imechapwa na kubandikwa, mtadhani ilikuwepo tangu zamani. Itumieni. Na kila mnapomwambia mwanamke haiwezekani, nendeni kabatini mkatafute faili la mwanaume ambaye iliwezekana kwake. Lipo. Mkikosa, niiteni, nitakuja na fimbo yangu tulitafute pamoja.

Basi asubuhi ile ya Ijumaa nilipiga hodi kwa Bi Hadija nikiwa na sanduku mkononi na karatasi ya daktari mfukoni, natabasamu. Sikujua bado yaliyokuwa yanatokea getini kwetu. Alinifungulia yeye mwenyewe, mtoto begani amelala, na nyuma yake nikaona godoro lililotandikwa vizuri na beseni la maji ambayo bado yanatoa mvuke. Akaniambia Mwanajuma hayupo. Alfajiri alikuwa amemwambia ukweli wote, kwamba si tumbo la uzazi, ni dawa. Na Bi Hadija alikuwa amevua buibui yake mwenyewe akamvika, akamwambia aende, aibu ya majirani ataibeba yeye, Mungu anajua ni siku ngapi za arobaini zimebaki.

Nikamwambia asijali, nimeileta dawa, tutamngoja hapa hapa, na kuanzia leo nitakuwa naileta kila siku mpaka arobaini itimie. Nikaliweka sanduku juu ya kigoda nikalifungua nimwonyeshe: kichupa kimoja, kikombe, daftari la kutia sahihi. Bi Hadija aliinama akalitazama, mkono wake ukiwa mgongoni kwa mjukuu wake.

"Kumbe inabebeka," akasema.